Mita 300 za Mwisho

Mwaka 1992, juu kabisa ya mgongo wa Greenland, watafiti wa Ulaya walifika mwambani. Walikuwa wametoboa barafu kwa misimu kadhaa ya kiangazi, wakitoa gogo la barafu baada ya gogo, mpaka kekee yao ikagota kwenye kina cha mita 3,029. Theluji ya kila mwaka hulala juu ya ile ya mwaka uliopita, kwa hiyo kushuka ndani ya barafu ni kurudi nyuma katika wakati, na kila tabaka hubeba alama za joto au baridi ya zama zake. Mradi wao uliitwa GRIP. Kilomita 28 upande wa magharibi, Wamarekani nao walikuwa na shimo lao, GISP2, na mwaka uliofuata wakafika chini, mita 3,053. Ujirani huo ulipangwa. Yatakayotoka shimo moja yangepimwa kwa yaliyotoka shimo la pili, na aliyekosea angesutwa na mwenzake.

Kwa mita 2,700 za mwanzo hapakuwa na la kusutana. Tindikali ya volkano za kale ilionekana mahali pake katika mashimo yote mawili. Vile vipindi vya joto la ghafla katika enzi ya barafu, ambapo Greenland ilipanda nyuzi kadhaa ndani ya miongo michache, vilipangana kimoja kwa kimoja. Mashahidi wawili, maneno mamoja, kwa zaidi ya miaka 100,000.

Kisha, katika mita 300 hivi za mwisho, wakaanza kupingana. Palipokuwa na baridi kwenye gogo la Ulaya, la Marekani lilisema joto.

Na ubaya ni kwamba mita hizo ndizo zilizokuwa zikingojewa. Ndani yake mlitarajiwa kipindi kinachoitwa Eemian, baina ya miaka 130,000 na 115,000 iliyopita, mara ya mwisho dunia kuwa na joto kama hili letu au kulipita kidogo. Gogo la GRIP lilionyesha joto la Greenland likianguka na kupanda ghafla katikati ya kipindi hicho. Habari ikachapishwa 1993 na ikawashtua wengi, maana kama dunia yenye joto inaweza kuyumba namna ile bila mkono wa binadamu, basi utulivu wa hii miaka 10,000 tuliyolimia na kusafiria ni bahati tu. Lakini shimo la jirani halikuunga mkono. Watu walipoyatazama magogo kwa makini, mistari ambayo ingepaswa kulala bapa ilikuwa imeinama mshazari, na mahali pengine imejikunja kabisa. Barafu ya chini ilikuwa imepinduka.

Sasa mtu wa Amu, yaani Lamu, ambaye barafu anaiona kwenye sanduku la samaki, haya yanamhusu nini? Mimi yalinijia kupitia ukuta.

Ukuta wa uani wa nyumba yetu, Mkomani, ulikuwa umeanza kutoa unga: ukipitisha mkono, chokaa inabaki kiganjani. Tukamwita fundi, mzee aliyeingia kwenye uashi tangu utotoni, enzi za kuchanganya chokaa kwa miguu. Alibandua lipu, akang'oa jiwe lililolegea, akalipiga nyundo katikati. Likapasuka vipande viwili. Ndani mlikuwa na vijitundu vya umbo la nyota, maelfu, vimepangana safu kwa safu, na ukingoni gamba la kombe limekwama mdomo wazi. Fundi akapuliza vumbi, akanipa nishike.

“Hili lilikuwa hai, mwanangu. Mawe yote haya ya Manda yalikuwa baharini.”

“Na likafikaje juu, ami?”

“Kwani jiwe lina miguu? Maji ndiyo yaliyoshuka.”

Ardhi nayo hupanda na kushuka, kwa hiyo mjiolojia angemwekea fundi tanbihi, lakini jibu lake limeshika sehemu kubwa ya ukweli. Mwamba wa matumbawe unaoiandama pwani ya Kenya, ule unaochimbwa kisiwani Manda, ule ambao magofu ya Gede yalijengwa kwao, ule unaobeba nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi, ni tumbawe la kale, na sehemu kubwa ya tumbawe hilo inahesabiwa kuwa ya miaka 125,000 hivi iliyopita. Yaani Eemian hiyohiyo. Wakati huo bahari za dunia zilisimama mita 6 hadi 9 juu ya kimo cha leo. Siku hizi maji ya bamvua yakipanda sana, watu wa mbele ya mji wanainua magunia yao kutoka sakafuni. Ongeza juu ya hapo mita 6 uone zinafika ghorofa ya ngapi.

Sehemu kubwa ya maji hayo ilitoka kwenye barafu iliyoyeyuka. Hilo halina ubishi. Ubishi ni barafu ipi. Greenland ikiyeyuka yote, bahari itapanda mita 7 na kitu. Antaktika ikiyeyuka yote, mita 58 hivi. Shahidi anayejua Greenland ilikuwa na hali gani wakati ule ni theluji iliyoanguka hukohuko wakati uleule, na shahidi huyo ndiye aliyelala katika zile mita 300, kichwa chini miguu juu.

Barafu tunayoijua sisi huvunjika. Mpwa wangu, ambaye kila jioni huona jinsi wauza samaki wanavyolipiga bonge la barafu kwa chuma likatawanyika, alinisikiliza nikieleza haya halafu akauliza swali ambalo ndilo lenyewe: “Hiyo ya huko inakunjika vipi, mjomba, mbona haikatiki?”

Inategemea unaiharakisha au unaisubiri. Ukiipiga, inakatika. Ukiiwekea mzigo na kuiachia miaka, inatiririka. Chini ya kilomita 3 za barafu mgandamizo ni zaidi ya mara 260 ya ule wa hewa tunayoishi ndani yake, na mgandamizo wa namna hiyo hauachi nafasi ya ufa kufunguka. Juu ya hayo, barafu ya kule chini si baridi kama ya juu. Pale GRIP, usoni ni nyuzi 32 chini ya sifuri, mwambani ni nyuzi 9 hivi tu chini ya sifuri, kwa sababu joto la ardhi linapanda na barafu yenyewe inafanya kazi ya blanketi. Kwa barafu, nyuzi 9 chini ya sifuri ni kuwa jirani kabisa na kuyeyuka.

Katika miaka ya 1950 Mwingereza John Glen alikaa maabara kule Cambridge akivikandamiza vipande vya barafu na kupima vinavyonyumbuka. Alichokipata bado kinatumika hadi leo katika hesabu za barafu duniani: ukiongeza nguvu mara mbili, kasi ya kunyumbuka haiongezeki mara mbili, inaongezeka kama mara nane. Kwa hiyo pale ambapo nguvu ni kubwa, karibu na mwamba, mambo yanakwenda mbio kupita kiasi kulinganisha na juu. Sehemu ya juu ya Greenland kwa kweli inasafirishwa tu. Kazi inafanyika chini.

Lakini kanuni ya Glen inaichukulia barafu kana kwamba ni kitu kimoja pande zote, na hapo ndipo mikunjo inapoanza kusema yake. Fuwele ya barafu ina umbo la pembe sita, imejengwa kwa bapa juu ya bapa. Bapa hizo huteleza baina yao kwa urahisi. Kuzipinda kwa upande mwingine ni kazi ngumu mara makumi. Theluji inapoanguka fuwele zimetazama kila upande. Zikikandamizwa maelfu ya miaka, zinageuka kidogokidogo mpaka nyingi zinalala bapa zikitazama juu, na barafu hiyo inakuwa laini mno kwa kuteleza mbele na ngumu kwa karibu kila kitu kingine. Tena si tabaka zote zilizo sawa. Theluji iliyoanguka enzi ya barafu ilikuja na vumbi jingi, kwa sababu dunia ilikuwa kavu na upepo mkali, na fuwele zake ni ndogo. Barafu hiyo hunyumbuka mara mbili au tatu upesi kuliko ile iliyoanguka wakati wa joto. Chini yake iko Eemian, safi, yenye fuwele kubwa, ngumu. Juu yake kuna barafu ya miaka hii yetu 10,000, ngumu nayo. Laini imebanwa baina ya ngumu mbili, na yote inasukumwa. Mimi nikisoma hivyo siulizi tena kwa nini inakunjika, nauliza ingewezaje kubaki bapa.

Khala yangu ni bingwa wa mikate ya kusukuma. Anasukuma donge mpaka liwe jembamba, anapaka samli, analiviringa kama kamba, analizungusha liwe konokono, analiacha litulie, kisha analisukuma tena. Ukiupasua mkate umetoka kikaangoni, ndani ni tabaka tupu. Sasa chukua mrija wa soda, uutoboe mkate huo kutoka juu hadi chini, utoe kile kipande kidogo kilichonasa ndani ya mrija. Utahesabu tabaka saba, nane, zote zimelala sawa, na kama hukumwona khala akifanya kazi utaapa kwamba kila moja iliwekwa peke yake, ya chini kwanza, ya juu mwisho. Kumbe ni donge moja na samli ileile uliyoipita mara nyingi, mara nyingine kwa mgongo, mara nyingine kwa tumbo.

Gogo la barafu lina upana wa sentimita 10 hivi. Huo ndio mrija. Mkunjo wa sentimita 3 utauona ndani yake, umejichora vizuri, herufi S iliyolala au Z, kwa sababu barafu ya enzi ya barafu ina mistari myeupe ya vumbi kama ukungu na taa ikipigwa kutoka pembeni mistari hiyo inang'aa. Pale NEEM, shimo jingine nitakalolifikia, vijikunjo hivyo vilianza kuonekana tangu kwenye kina cha mita 1,760 hivi, mamia ya mita juu ya mahali palipodhaniwa pana shida. Lakini mkunjo wa mita 5, au 50, gogo haliwezi kuuona. Litakuonyesha mistari iliyoinama kidogo, au mistari iliyonyooka kabisa, halafu lile tabaka ulilolipita jana linakutokea tena.

Kukandamizwa peke yake hakukunji kitu, kunanyoosha. Katikati ya Greenland theluji ya mwaka mmoja, ikishakuwa barafu, ina unene wa sentimita 23 hivi, na kadiri inavyozikwa inatanuka kwa pembeni na kuwa nyembamba, hadi karibu na mwamba mwaka mzima ni milimita chache. Kibonge chochote kwenye tabaka kinalazwa. Kinachokunja ni kule kutangulizana: barafu ya chini imeshikwa na mwamba, ya juu inakwenda, na katikati kila tabaka linalipita kidogo lile lililo chini yake. Tabaka likiwa bapa kabisa, halidhuriki. Likiwa na kibonge, hata chenye mteremko usioonekana kwa jicho, kilele cha kibonge kiko juu kidogo kuliko kitako chake, kwa hiyo kinakwenda upesi kidogo. Kinaegemea mbele. Kinazidi kuegemea, karne baada ya karne, mpaka kinaanguka kifudifudi juu ya barafu changa kuliko yeye. Nguvu ya kulaza na nguvu ya kuangusha zinashindana kila mahali, na kwa kawaida juu hushinda ya kulaza, chini hushinda ya kuangusha.

Ndiyo maana walitoboa kwenye kilele. Penye kilele barafu inagawanyika, nusu inakwenda mashariki nusu magharibi, na palepale kati inashuka wima bila kutangulizana. Ungetegemea usalama. Lakini kilele hakikai mahali pamoja kwa miaka 100,000. Theluji ikizidi upande mmoja, pwani ya barafu ikisogea, kilele nacho kinahama. Barafu iliyo chini yake leo iliwahi kuwa mtelemkoni, na huko ilipata mikunjo yake.

Baada ya aibu ya 1993, uamuzi ulikuwa kutafuta mahali ambapo mwamba wa chini ni tambarare, pasipo vilima vya kuanzisha vibonge. Wakapapata kaskazini, wakapaita NGRIP, wakamaliza 2003 kwenye mita 3,085. Tabaka zilikuwa zimenyooka, raha tupu. Ila joto la ardhi pale lilikuwa kubwa kuliko walivyotarajia, barafu ya chini ilikuwa ikiyeyuka taratibu mwaka hadi mwaka, na gogo likakomea miaka 123,000 iliyopita, katikati ya Eemian. Nusu nyingine ilikuwa imeshakuwa maji ikaenda zake. Sijui kama kuna kazi inayohitaji subira kama hii: unakimbia mkunjo, unaangukia yeyuko.

NEEM ilikuja baadaye, kaskazini-magharibi, chini ya uongozi wa Dorthe Dahl-Jensen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, mataifa 14. Walifika mwambani Julai 2010, mita 2,537 na kitu. Na chini ya mita 2,200 hivi wakakuta kilekile kilichowakuta wa mwanzo, tabaka zimekunjwa na kupinduliwa. Tofauti ni kwamba safari hii walijua namna ya kuzikunjua.

Hapa ningeomba msomaji asiruke, maana ni hila nzuri. Katika barafu mna mapovu ya hewa ya zamani. Maji ya barafu hueleza hali ya pale ilipoanguka theluji, lakini hewa haina kwao: methani na oksijeni huchanganyika duniani kote kwa muda mfupi sana ukilinganisha na mambo haya. Hewa iliyonaswa Greenland mwaka fulani ni karibu sawa na iliyonaswa Antaktika zama hizohizo. Na kule Antaktika, katika mashimo kama la Dome C lenye barafu ya miaka 800,000, Eemian haiko chini karibu na mwamba, iko katikati ya njia, imelala bapa haijaguswa. Kwa hiyo huko kuna mfuatano unaoaminika wa methani ilivyopanda na kushuka, na oksijeni nzito ilivyokuwa ikiongezeka na kupungua. Unachukua kipande cha Greenland, unapima hewa yake, unauliza: hewa hii ni ya lini? Kipimo kimoja kinaweza kuwa na majibu mawili au matatu. Vipimo viwili pamoja vinabana.

Kwa njia hiyo, mwaka 1997, ilithibitishwa kwamba ile misukosuko ya Eemian kwenye GRIP haikuwa hali ya hewa. Barafu ya baridi ilikuwa imesukumiwa ndani ya barafu ya joto. Na kwa njia hiyo, NEEM ilipangwa upya kipande kwa kipande, kikiwemo kipande kilicholala kinyume ambacho ilibidi kisomwe kutoka chini kwenda juu. Walipomaliza walikuwa na mfuatano wa kuanzia miaka 128,500 hadi 114,000 iliyopita, ukachapishwa Januari 2013.

Majibu yake ndiyo yaliyonifanya niandike. Greenland wakati ule ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 8 hivi kuliko wastani wa miaka elfu iliyopita, toa au ongeza 4. Ni joto kali. Ungetegemea barafu iwe imekwisha. Lakini unene wa barafu pale ulikuwa umepungua mita 400 hivi tu, na hata hiyo kwa shaka ya mita 250 juu au chini. Greenland ilibaki. Mchango wake kwenye bahari iliyopanda mita 6 hadi 9 ulikuwa wa kiasi, kama mita 2. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ilibidi itoke kusini, Antaktika, barafu ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ndiyo yenye usingizi mzito. Yale mawe ya Manda, basi, yawezekana yalikuwa chini ya maji yaliyotoka zaidi upande wa pili wa dunia, na aliyetufunua macho ni gogo lililopinduka.

Nilimpelekea fundi habari hizi akiwa juu ya kipandio, akipiga lipu jipya. Alisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo wanajua maji yametoka wapi,” akasema, “sasa wajue yanarudi lini.”

Mikunjo mikubwa kupita yote haikupatikana kwa kekee. Katikati ya karne iliyopita marubani waliopita juu ya barafu ya ncha za dunia waligundua kwamba vipimo vyao vya kimo vinawadanganya: mawimbi ya redio hayakugonga uso wa barafu, yaliingia ndani. Kilichokuwa hatari kwa rubani kikawa chombo cha mtafiti. Miaka ya 1960 watu wa Cambridge walitengeneza rada za kazi hiyo, na leo ndege hupita juu ya Greenland ikituma wimbi na kusikiliza mwangwi. Mwamba hurudisha mwangwi wake, na kila tabaka lenye tindikali ya volkano hurudisha wake. Unapata picha ya barafu nzima kwa ubavu, kilomita kwa kilomita. Juu, mistari imelala imetulia. Chini, hasa kaskazini, jirani na mto wa barafu uitwao Petermann, unakutana na maumbo yaliyoinuka mamia ya mita, mengine yakifika karibu kilomita nzima, katika barafu ya kilomita 2 au 3. Rada nayo ina upofu wake: tabaka likisimama sana, mwangwi unarukia pembeni na picha inabaki nyeusi, kwa hiyo penye mkunjo mkali zaidi ndipo inapoona kidogo zaidi.

Maumbo hayo yametokana na nini, wataalamu hawajakubaliana. Robin Bell na wenzake walionyesha, kwanza Antaktika mashariki mwaka 2011, juu ya milima ya Gamburtsev iliyozikwa yote, halafu Greenland mwaka 2014, kwamba maji yaliyo chini ya barafu yanaweza kuganda tena kwenye kitako chake, yakijibandika kutoka chini na kuzisukuma tabaka juu. Kila kilo ya maji inayoganda huachia kilojuli 334 za joto, joto hilo linaingia kwenye barafu ya jirani na kuilainisha, nayo ikilainika inakwenda upesi. Wengine wanasema mahali penye utelezi chini ya barafu huhama, na barafu inajirundika inapotoka kwenye utelezi na kushikwa. Mwaka 2016 Paul Bons na kundi lake wakaja na hoja tofauti: barafu inayotoka eneo pana kuingia njia nyembamba inabanwa kutoka pembeni, na kwa kuwa fuwele zake zimeshalala bapa, haiwezi kunenepa sawasawa, inakunjamana kwa mistari mirefu inayofuata mwendo.

Mimi si mtaalamu, ila nikitazama picha zile nashawishika zaidi na hoja ya tatu kwa Greenland kaskazini. Mikunjo iliyokaa safu, makumi ya kilomita, yote ikielekea upande mmoja, haifanani na kazi ya maji yaliyoganda hapa na pale. Kwa Gamburtsev naona kinyume chake. Huko maji yanapandishwa mabonde ya milima na kuganda kwenye vilele, na vinundu vimefuata milima.

Na Antaktika penyewe mkunjo hauepukiki. Januari 2025 mradi wa Ulaya ulifika mita 2,800 kule Little Dome C na kupata barafu ya miaka milioni 1.2 ikiwa katika mpangilio wake, lakini kama mita 200 za chini kabisa zimevurugika.

Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni kazi iliyochapishwa 2022 na kundi lililoongozwa na watu wa Taasisi ya Alfred Wegener, Ujerumani. Kaskazini-mashariki mwa Greenland leo kuna mto mkubwa wa barafu, unaoanzia ndani kabisa ya bara. Juu yake waliweka kambi ya EGRIP, kambi nzima ikisafiri zaidi ya mita 50 kwa mwaka na kekee ndani yake, mpaka ikafika chini Julai 2023. Wanarada walipopita nje ya mto huo, mahali ambapo barafu leo inakwenda polepole, walikuta chini mikunjo iliyobanana, ya aina inayotengenezwa kingoni mwa mto wa barafu unaokwenda kasi. Hapakuwa na mto hapo. Ulikuwapo, ukafika mbali ndani ya bara, ukazimika ndani ya hii miaka 10,000, na mwingine ukashika kazi kando yake. Uso wa barafu umeshasahau. Tabaka zilizokunjika ndizo zilizoshika alama.

Ukweli huo unaingia moja kwa moja kwenye hesabu za bahari. Jopo la kimataifa la tabianchi, katika ripoti ya 2021, lilisema bahari itapanda baina ya mita 0.28 na 1.01 kufikia 2100 kutegemea tutakavyochoma mafuta, kisha likaongeza kwamba karibu mita 2 haiwezi kufutwa, kwa sababu ya mambo ya barafu ambayo hesabu bado hazijayashika. Programu nyingi za kompyuta zinazotabiri mwendo wa barafu bado huichukulia kuwa laini sawa pande zote, na hupimwa kwa kasi ya juu tunayoiona kwa setilaiti leo. Ningekuwa na pesa za kugawa, ningewapa wale wanaozilazimisha programu hizo zitoe pia mikunjo iliyoonekana na rada. Programu isiyoweza kukunja barafu ilipokunjika haijaielewa barafu hiyo, hata kama imepatia kasi yake.

Jirani yangu anayejenga karibu na gati aliniuliza ainue kizingiti kimo gani, akataka namba moja. Nikampa mbili, mita 1 na mita 2, na sababu ya pengo. Akaangalia mawe aliyoyanunua, akahesabu, akaniambia mita 1 ataimudu, ya pili wataipandisha wajukuu.